Kamba koche hahitaji mpishi wa hoteli, anahitaji saa

Na Mwandishi Wetu

KAMBA koche amezoeleka kuonekana kama chakula cha watalii na wageni wa hoteli kubwa. Wakazi wengi wa mijini, hata wale wanaoishi hatua chache kutoka ufukweni, hupita mbele ya meza za soko la samaki, wakamtazama kwa macho tu, kisha wakaondoka na changu au vibua. Ukiwauliza sababu, watakutajia mbili: bei yake, na hofu ya kumharibu jikoni.

Kuhusu bei hakuna ubishi. Huyu si kitoweo cha kila siku. Lakini kwa siku ya sikukuu, au mgeni wa heshima anapofika, familia inaweza kumpika nyumbani kwa gharama ndogo kuliko ile ya kumwagiza hotelini. Hofu ya pili ndiyo inayostahili kuondolewa, kwa kuwa kamba koche ni miongoni mwa vitoweo vyepesi kabisa kupika. Kinachomharibu ni kukaa motoni kupita kiasi.

Hana magando

Jamii za kamba koche wanaovuliwa katika mwambao wetu, kuanzia Lamu nchini Kenya hadi Mtwara kusini mwa Tanzania, hazina magando makubwa kama ya kaa. Wana papasi ndefu na miiba kichwani. Wakenya humwita kamba mawe, jina linalomfaa, kwani mchana hujificha kwenye mapango ya miamba na matumbawe, na usiku ndipo hutoka kutafuta chakula. Wavuvi humfuata hukohuko kwa kupiga mbizi. Huko Lamu wapo wanaotumia pweza kumtoa shimoni: kamba akimwona adui yake huyo hukimbilia nje na kuingia mikononi mwa mvuvi.

Kukosa magando kuna maana kubwa jikoni. Maelekezo mengi ya mapishi kutoka Marekani na Ulaya yanamhusu kamba wa bahari baridi ya Atlantiki, mwenye magando mazito yanayohitaji muda ili moto upenye. Nyama ya kamba wetu karibu yote imo mkiani, nayo huiva upesi.

Mwandishi wa makala haya alilijifunza hilo kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita alinunua kamba wawili kwa ajili ya wakwe zake, akafuata kitabu cha mapishi cha kigeni na kuwaacha jikoni karibu nusu saa. Wageni walitafuna kwa adabu, lakini mikia ilikuwa migumu kama kandambili.

Jinsi ya kumchagua

Nunua kamba aliye hai kama inawezekana. Mnyanyue kwa mgongo: aliye na nguvu hukunja mkia wake kwa kishindo chini ya tumbo na kuchezesha miguu. Aliyekufa muda mrefu mkia wake hulegea, na nyama huanza kuwa kama uji. Anapaswa kunuka bahari. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, mwache hata kama bei imeshushwa.

Mgeuze pia utazame chini ya mkia. Ukiona vijipunje vingi vya rangi ya chungwa vimeshikamana, huyo ni jike mwenye mayai. Jike mmoja huweza kubeba mayai laki kadhaa, hivyo kumnunua ni kuwashawishi wavuvi waendelee kumaliza mbegu. Chagua mwingine.

Ukifika nyumbani, mfunike kwa kitambaa kilicholowa na umweke mahali pa baridi, umpike siku hiyohiyo. Usimtumbukize katika ndoo ya maji ya bomba, kwani maji yasiyo na chumvi humuua. Mikia iliyogandishwa nayo inafaa. Iache katika sehemu ya chini ya jokofu usiku kucha ili iyeyuke taratibu.

Kabla ya moto

Desturi ya kumtumbukiza kamba mzimamzima katika maji yanayochemka imeanza kupingwa. Uswisi iliipiga marufuku mwaka 2018, na Uingereza kwa sheria ya mwaka 2022 iliwatambua kamba na kaa kuwa viumbe wanaohisi maumivu. Njia nyepesi ya nyumbani ni kumfukia katika barafu nyingi au kumweka kwenye friza kwa nusu saa hivi hadi aache kabisa kujongea. Kisha chomeka ncha ya kisu kikali kichwani, katikati ya macho, na ukishushe kwa haraka.

Kwa kumchoma au kumwunga, endelea kumpasua katikati hadi mkiani. Toa kifuko kilichomo kichwani pamoja na uzi mweusi unaopita mkiani, ambao ni utumbo, kisha msuuze haraka.

Njia tatu

Kuchemsha ndiyo njia ya anayeanza. Jaza maji katika sufuria kubwa na utie vijiko viwili vya chakula vya chumvi kwa kila lita, ili maji yakaribie ladha ya bahari. Yakichemka vizuri, mtie kamba na ufunike. Anza kuhesabu dakika pale maji yanapochemka upya: dakika nane hadi 10 kwa kamba wa nusu kilo, na 15 kwa wa kilo moja. Mtoe mara moja, umwache apoe kidogo, umpasue na umle kwa siagi iliyoyeyushwa na kukamuliwa ndimu.

Usidanganywe na rangi. Gamba huwa jekundu mapema, kwa sababu joto huiachia rangi nyekundu iliyokuwa imefungwa ndani ya protini za gamba. Chungulia nyama yenyewe: ikiwa bado inang'aa kama kioo haijaiva, ikigeuka nyeupe yote hadi katikati iko tayari.

Njia ya pili ni kuchoma, ambayo wanaotembelea Forodhani, Zanzibar, nyakati za jioni wanaifahamu. Twanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, changanya na mafuta, chumvi na ndimu kidogo, kisha paka kwenye nyama. Dakika 15 zinatosha. Ukimlaza katika ndimu kwa saa nyingi, ukali wake hukaza nyama. Subiri makaa yafanye jivu jeupe. Laza upande wa nyama kwa dakika mbili au tatu, geuza upande wa gamba uwe chini, na uendelee kupaka viungo kwa dakika tano au sita. Gamba litageuka bakuli la kutunza mchuzi wake.

Njia ya tatu ni kumwunga kwa nazi, na hapa akina mama wa Pwani hawahitaji kufundishwa. Kaanga kitunguu, kisha kitunguu saumu, tangawizi, nyanya na bizari hadi mafuta yatengane na nyanya. Mimina tui jepesi, liache lichemke na kupungua. Ndipo utie vipande vya kamba, na baada ya dakika tatu mimina tui zito huku ukikoroga polepole lisikatike. Dakika tatu nyingine zikipita, epua. Wali mweupe unatosha kuwa mwenzake.

Katika njia zote hizi, viungo vingi si sifa. Nyama ya kamba ina utamu wake wa asili, na pilipili nyingi huuficha.

Tahadhari mezani

Wapo watu ambao miili yao haipatani na kamba. Ulimi kuwasha, midomo kuvimba, vipele au kubanwa pumzi ni dalili za hatari, na mwenye kupatwa nazo awahishwe hospitali. Waulize wageni mapema. Pia wapo wasiomla kwa sababu za imani, wakiwamo Waadventista Wasabato, hivyo ni adabu kuandaa kitoweo kingine pembeni.

Kilichobaki kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Kiweke kwenye jokofu na kiliwe ndani ya siku mbili.

Wala usitupe kichwa na magamba. Yavunjevunje, yakaange kwa kitunguu na nyanya, ongeza maji na uyaache yachemke nusu saa, kisha chuja. Supu hiyo, au wali uliopikwa kwa maji yake, itawalisha watu wa nyumbani siku ya pili kwa fedha ileile uliyoitoa sokoni.