Waliouliza Habari za Manamba

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe na Kilosa, manamba, yaani mkataji aliyeajiriwa zamani za Mwingereza, alikabidhiwa kipande, nacho ni kadi yenye nafasi thelathini, na kila siku aliyoitimiza kazi aliyokatiwa, majani thelathini yakifungwa mzigo mmoja na mizigo ikihesabiwa hata nyapara akaridhika, alitiwa alama katika nafasi moja. Siku aliyougua, au aliyopungukiwa na mizigo, ilipita bure, na mshahara haukulipwa mpaka kadi ijae. Kadi hizo aghalabu zimekwisha kuoza pamoja na mifuko iliyozihifadhi, na wenyewe wengi wao hawakujua kuandika, kwa hiyo mtu atakaye leo kujua walitoka wapi, kwa sababu gani, na waliishije kambini, hana budi kupitia kwa wale waliotumwa, au waliojituma, kwenda kuwauliza. Na wachunguzi hao nao walikuwa watu wa ajira: walikuwa na tajiri aliyewalipa, na mkataba wenye mwisho, na nauli ya kurudi kwao, na mara nyingi kuliko walivyopenda kukiri, swali lao lilifuata mkono uliowalipa.

Wa kwanza wa kutajwa ni Meja Granville Orde-Browne. Shida aliyoikuta ilianza zamani, mkonge ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ambapo katika miche elfu moja iliyosafirishwa kutoka Florida ilisalimika 62 tu, na kabla ya miaka ishirini kutimia uzao wa miche hiyo ulikuwa umeenea nchi yote ya Tanga na Pangani, ukahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Serikali ya Wajerumani ikatoa amri huko Usambara Magharibi kwamba kila mwanamume afanye kazi kwa mlowezi siku thelathini katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kazi za serikali. Mwingereza alipoushika utawala aliikuta shida ile ile, yaani walowezi wakilia kwamba watu hawataki kazi, na wafanyakazi wakifa njiani kwa njaa na kuhara kabla hawajafika mashambani. Gavana Donald Cameron, aliyewasili mwaka 1925, akaunda Idara ya Kazi mwaka uliofuata, akamweka Orde-Browne kuwa mkuu wake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufanya kazi ya utawala Kenya, na hasa Embu, na kuandika kitabu juu ya watu wa huko.

Orde-Browne hakuwa adui wa matajiri, wala hakujidai kuwa hivyo. Alichokitaka ni mfanyakazi aliyekula akashiba, aliyelala mahali pakavu, na aliyerudi kwao hai ili ndugu zake wapate moyo wa kwenda. Alizunguka katika makambi na mashamba, akasimamia vituo vya mapumziko katika njia kuu za wasafiri, akahesabu wagonjwa na wafu, na taarifa zake zikasomwa mpaka Geneva, ambako aliingizwa katika jopo la wataalamu wa Shirika la Kazi la Kimataifa waliokuwa wakishughulikia kazi za wenyeji wa makoloni. Walakini mwaka 1931, bei ya mkonge ilipoanguka duniani na hazina ikakauka, idara yake ilikuwa miongoni mwa zilizofungwa mapema, jambo linaloonyesha wazi uzito uliopewa uchunguzi wa hali ya mfanyakazi siku ambayo mfanyakazi mwenyewe hakuhitajiwa sana. Akatumia mapumziko hayo ya kulazimishwa kuandika kitabu chake juu ya mfanyakazi wa Kiafrika, kilichotoka mwaka 1933. Baadaye, ghasia za wafanyakazi zilipozuka Trinidad mwaka 1937 na kuitia hofu London, alifanywa mshauri wa kazi wa Wizara ya Makoloni, akaizunguka dunia yote ya Mwingereza, toka Rhodesia ya Kaskazini mpaka visiwa vya Karibi, Afrika ya Magharibi, Ceylon na Malaya, mpaka alipofariki mwaka 1947.

Idara ya Orde-Browne ilipokwisha kufungwa, vijana wawili mume na mke, Godfrey na Monica Wilson, waliweka makao Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938 wakijifunza mila za Wanyakyusa, wakisaidiwa na karani wao Leonard Mwaisumo, ambaye jina lake lilikaa miaka mingi pembezoni mwa vitabu vyao, ilhali bila yeye na wenziwe wa namna yake pengine hapangekuwa na kitabu chochote. Hapo Rungwe waliona vijana wakiondoka kwenda kuchimba dhahabu ya Lupa, na wengine wakienda mbali zaidi kusini. Godfrey alipoteuliwa mwaka 1938 kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone huko Rhodesia ya Kaskazini, aliamua kuwafuata watu hao mwisho wa safari yao, akaenda katika mji wa migodi wa Broken Hill, ambao leo ni Kabwe, akakaa nao na kuwauliza wanapata kiasi gani, wanatumia kiasi gani, na wamekaa mjini miaka mingapi.

Jawabu alilolipata halikuwapendeza wenye mgodi. Serikali na makampuni walishikilia kwamba Mwafrika wa mjini ni mgeni tu, mwenye shamba lake na mke wake kijijini, kwa hiyo hana haja ya mshahara wa kulisha watoto wala nyumba ya kukaa familia. Wilson akaonyesha kuwa wengi wao, tangu kutoka vijijini, walikuwa wamemaliza sehemu kubwa ya miaka yao mjini, na kwamba ule ujira wa mtu kapera ulikuwa ukilipiwa na wanawake na wazee waliobaki wakilima bila nguvu za vijana. Fauka ya hayo alikuwa mtu asiyekubali vita, na vita vya pili vilikuwa vimekwisha kuanza. Mgodi ukamkataza kuingia katika makazi ya wafanyakazi, kwa hoja kwamba anazoeana nao mno. Aliacha kazi mwaka 1941. Insha yake ilitoka kwa sehemu mbili, mwaka huo na uliofuata, naye akafa mwaka 1944 akiwa na umri mdogo. Kwa maoni yangu hakuna kisa kinachoeleza vizuri zaidi mpaka wa kazi hii: aliruhusiwa kuuliza lolote juu ya ndoa, uchawi na mazishi, lakini alipouliza juu ya mshahara mlango ulifungwa.

Audrey Richards alikuwa na bahati njema zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1939 juu ya chakula cha Wabemba wa Rhodesia ya Kaskazini kilieleza jinsi ulezi wao ulivyotegemea vijana wa kupanda juu ya miti, kukata matawi na kuyachoma ili majivu yarutubishe ardhi, na jinsi njaa ilivyoingia vijijini vijana hao walipokwenda migodini. Hoja hiyo iliaminiwa karibu kama sheria kwa nusu karne, mpaka mwaka 1994 Henrietta Moore na Megan Vaughan, waliorudi katika nchi ile ile, walipoonyesha kwamba wanawake walikuwa na maarifa zaidi ya kujikimu kuliko alivyodhani Richards. Kuanzia mwaka 1950 Richards aliiongoza taasisi ya uchunguzi wa jamii huko Makerere, na mwaka 1954 akatoa kitabu juu ya wageni waliomiminika Buganda kutoka Rwanda na Urundi kulima pamba na kahawa za wenyewe, ambao hawakuhitaji wakala wa kuwakusanya, kwani njaa na kazi za kulazimishwa za Mbelgiji zilitosha kuwasukuma.

Tanganyika ilikuwa na mawakala. Japani ilipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, katani ya Tanganyika ikawa bidhaa ya vita, watu wakachukuliwa kwa amri, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, kilichoitwa Silabu, kilichopeleka mawakala wake Kigoma, Songea na ng'ambo ya mipaka. Katika zama hizo serikali ilimwajiri Philip Gulliver, mwaka 1952, awe mtaalamu wake wa jamii, naye mwaka 1955 akatoa vitabu viwili, kimoja juu ya Wangoni na Wandendeule wa Songea, na kingine juu ya Wanyakyusa waendao migodini kusini. Maofisa walikuwa na dhana kwamba kijana huondoka kwa kutamani starehe za mji au kukimbia wazee. Gulliver akasema, kwa lugha ya ofisini isiyo na makeke, kwamba huondoka kwa sababu anahitaji fedha ya kodi, nguo na mahari, na kwao hapana njia ya kuipata. Baadaye alihamia vyuo vya Marekani, Uingereza na mwishoni Kanada.

Swali likageuka Dar es Salaam. Chuo Kikuu kilipata walimu vijana, na kumbukumbu za serikali ya kikoloni zilikuwa zimefunguliwa, majalada yenye vumbi ambamo Mkuu wa Wilaya amwandikia Mkuu wa Jimbo bila kudhani kwamba mjukuu wa manamba ataisoma barua yake. John Iliffe mwaka 1970 alichapisha historia ya makuli wa bandari ya Dar es Salaam na migomo yao ya 1939, 1943, 1947 na 1950. Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha hapo mwaka 1966 na kurudi 1969 mpaka 1974, alikuwa ametoka nchi ambayo mashamba yake ya miwa yalilimwa na watumwa, kisha na Wahindi wa mkataba, na hakuhitaji kuelezwa kambi ya wafanyakazi ni nini. Yeye, pamoja na Laurent Sago aliyechunguza Kigoma na Kapepwa Tambila aliyechunguza Tanga, hawakuuliza tena kwa nini mtu wa Kigoma huondoka, bali nani aliyeifanya Kigoma kuwa hazina ya wafanyakazi, kwa kodi, kwa kunyimwa barabara na mazao ya biashara, na kwa sheria. Rodney aliuawa kwa bomu Georgetown tarehe 13 Juni 1980, akiwa na miaka 38. Kitabu cha hao watatu kilichapishwa Hamburg mwaka 1983.

Sheria yenyewe ilishughulikiwa na Issa Shivji, aliyezaliwa Kilosa, wilaya ya mkonge, mwaka 1946. Katika kitabu chake cha mwaka 1986 aliichambua sheria ya mabwana na watumishi wenyeji ya mwaka 1923, ambayo kwayo kuvunja mkataba, kosa ambalo baina ya wafanyabiashara wawili lingekuwa la madai tu, kwa mfanyakazi lilikuwa jinai, na aliyetoroka shambani aliweza kufungwa jela. Pascal Mihyo naye aliandika juu ya wafanyakazi wa viwandani wa miaka ya sabini, ambao baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971 waliwafungia nje mameneja wao. Sura hiyo inastahili makala yake peke yake.

Waliosahauliwa na karibu wote hawa ni wanawake. Marjorie Mbilinyi aliirudia Rungwe, akasoma majalada ya wilaya kwa jicho jingine, na mwaka 1988 akaandika juu ya wake waliowatoroka waume zao katika zama za ukoloni, na jinsi maofisa na machifu walivyoungana kuwarudisha, kwani mwanamke akiondoka nani atalilima shamba linalomsubiri mume aliyeko mgodini? Alikaa pia na Rebeka Kalindile, mwanamke wa Rungwe, akiandika masimulizi ya maisha yake. Na mwaka 1989 akachapisha insha, si juu ya maisha hayo tu, bali juu ya kazi yenyewe ya kuyaandika, nani aliuliza, nani alikataa kujibu, na masimulizi yaliyokwisha kuandikwa yawe mali ya nani kati yao wawili.