Muhuri wa Mpakani na Amana ya Msafiri



Katika mitaa yetu ya Kariakoo na Gerezani ni nadra kupata nyumba isiyokuwa na msafiri. Huyu ana mjomba wake Mombasa, yule amefuata bidhaa Dubai au Guangzhou, na mwengine anangojea viza ya Hija. Wote hao watasimama mbele ya afisa wa uhamiaji mwenye muhuri mkononi. Wengi wetu humwona afisa huyo kuwa ni kizuizi cha zama hizi, tukadhani kwamba watu wa kale walizunguka dunia bila ya kuulizwa neno. Dhana hiyo si sahihi, na yafaa tuitazame taarikhi ili tujue lipi la kulalamikia na lipi la kushukuru.

Kwa Kiarabu pasi huitwa jawazi, yaani ruhusa ya kupita. Huko Misri zimekutikana hati za mafunjo za zama za Bani Umayya, zapata karibu miaka 1,300 sasa, walizopewa wanakijiji waliotaka kwenda kufanya kazi nje ya wilaya zao. Ndani yake huandikwa jina la mtu, kijiji chake, alama za mwili wake kama vile kovu, na muda aliopewa. Watawala walitaka kodi isipotee, na mwenye hati naye akapata kinga ya kutosumbuliwa njiani.

Ibn Battuta, alipotoka Misri kwenda Sham mwaka 1326, aliukuta ukaguzi mkali mahali paitwapo Qatya. Asema kwamba hapana aliyevuka bila ya hati, atokaye wala aingiaye, na mali za wafanya biashara zilikaguliwa na kutozwa zaka. Usiku mchanga wa njia ulisawazishwa, na asubuhi ukatazamwa kama pana nyayo za aliyepita kwa kujificha. Kusudi lake lilikuwa kulinda mali za watu na kuwazuia majasusi. Basi ukaguzi wa mipakani ulikuwako katika nchi za Kiislamu karne nyingi kabla ya ukoloni kufika kwetu.

Huku pwani jambo hilo lilikuwa na sura nyengine. Mwaka 1331, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, msafiri huyohuyo alitia nanga Mogadishu. Aliona vijana wakiijia merikebu kwa mashua, wamechukua chakula, na kila mmoja akimchagua mfanya biashara kuwa mgeni wake. Tangu hapo mgeni aliuza na kununua kwa mkono wa mwenyeji wake. Hapakuwa na kitabu cha kugongwa muhuri, lakini mgeni alikuwa na mtu wa kumjua na kumsimamia.

Mpaka tuujuao leo baina yetu na Kenya ulikuja baadaye. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuchora mstari kuanzia mlango wa mto Umba, ukapita pembeni mwa Kilimanjaro hadi ziwa la Victoria. Sayyid Barghash, aliyeitawala pwani hii kutoka Unguja, hakushirikishwa katika mapatano hayo, aliletewa ayakubali. Wadigo na Wasegeju wakajikuta wako pande mbili, na makaburi ya wazee wao vilevile.

Hata jina la Kariakoo lina habari ya mpaka huo ndani yake. Katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, Waingereza walikusanya wapagazi wengi sana katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wapagazi kutoka Kenya walivushwa mstari ule wakiwa na mizigo vichwani, na wengi mno wakafa kwa maradhi na uchovu. Kambi yao ya hapa Dar es Salaam ndiyo iliyotupa Kariakoo, na Nairobi nako kuna Kariokor kwa sababu iyo hiyo. Walivuka kwa amri ya wakubwa, na hakuna aliyewauliza pasi.

Baada ya vita hivyo, mwaka 1920, mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulipatana juu ya umbo moja la pasi, kijitabu cha kurasa 32. Desturi ya kijitabu hicho ndiyo tuliyoirithi.

Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977, na mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Safari ya saa chache kutoka Tanga kwenda Mombasa ikawa muhali kwa watu wa kawaida. Kuozesha, kuzika na kuzuru wagonjwa, yote yalikatizwa na ugomvi wa mali za mashirika. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, baada ya zaidi ya miaka sita. Waliokuwa watu wazima siku zile hawahitaji kuelezwa kwamba muhuri unaotuchosha kwa foleni ni neema mbele ya lango lililofungwa.

Jumuiya mpya ilitiwa saini Arusha mwaka 1999, na Soko la Pamoja likaanza Julai 2010. Kwa kanuni zake raia wa nchi wanachama huingia bila ya viza, na anaweza kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Pamoja na hayo wako bado wapitao njia za panya, wakisema kwamba ng'ambo ile ni kwa shangazi. Shangazi ni kweli, lakini mwanamke aliyepita porini akiibiwa au akiugua, ataogopa hata kwenda polisi kushitaki, kwa kuwa kuingia kwake hakuna ushahidi. Muhuri ni shahidi wa msafiri kabla ya kuwa shahidi wa serikali.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha alama tatu za mnafiki: kusema uwongo, kuvunja ahadi na kuhini amana. Zote tatu hupimwa pale mpakani. Asemaye anakwenda kutembea, naye amekusudia kazi, amesema uwongo. Aliyepewa miezi mitatu akakaa mwaka amevunja ahadi aliyoikubali alipopokea muhuri. Na afisa achukuaye noti iliyofichwa ndani ya pasi amehini amana ya nchi yake, na aliyeificha ni mshirika wake, kwani mtoaji na mpokeaji wa rushwa wote wamelaaniwa.

Basi wazazi, mnapowafungia watoto wenu mizigo, waagizeni pia kusema kweli na kuhesabu siku zao. Na enyi vijana wetu mnaofanya kazi katika vituo hivyo, mkumbuke kwamba huyo bibi mwenye kanga, aliyesimama na hati yake mkononi, pengine anawahi maziko. Msimcheleweshe bila ya haki.

Wabillahi tawfiq.