Upepo wa Lami, Upepo wa Mchanga

Lori la mzigo linaloelekea Kipsing likisimama njiani, tanboi, msaidizi wa dereva, hushuka na kipande cha nondo au rungu mkononi. Huzunguka lori akigonga matairi, moja baada ya jingine, huku akisikiliza. Tairi lililojaa hutoa mlio mkavu na nondo huruka nyuma. Lililolegea hutoa mlio mzito, na nondo hubaki pale pale. Kwenye matairi pacha ya nyuma ukaguzi huu una maana kubwa, maana tairi la ndani likiisha upepo lile la nje hubeba mzigo wote na jicho halioni tofauti yoyote. Ni kazi ya dakika chache, na imefanywa hivyo tangu malori ya wafanyabiashara yalipoanza kupenya iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini (NFD), kabla ya gari lolote kuwa na taa ya kumwonya dereva.

Kipsing iko katika wadi ya Oldonyiro, Isiolo Kaskazini, magharibi mwa mji wa Isiolo. Ni nchi ya wafugaji, ya ngamia, mbuzi na ng'ombe, yenye migunga ambayo miiba yake hutoboa tairi kimya kimya. Ramani za LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, zimelitaja Pengo la Kipsing kuwa mahali pa kujengwa mji wa kitalii, lakini dereva anayekwenda huko bado anashughulika na mambo ya kale: mawe, vumbi na laga, ile mito mikavu ambayo mchanga wake hulimeza gurudumu hadi kwenye rimu. Kwa miongo mingi lami yenyewe iliishia Isiolo. Kwa hiyo safari moja kutoka Nanyuki au Meru inapita lami, changarawe na mchanga, na kila mahali tairi linataka upepo wake. Mfumo wa kupima upepo uliomo kwenye magari tunayonunua leo unajua kiwango kimoja tu, kile cha lami. Historia yake inaeleza kwa nini.

Tairi la upepo lilipata hataza ya kwanza mwaka 1845, mikononi mwa Mskoti Robert William Thomson, likasahaulika, kisha likazuka upya mwaka 1888 kwa John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast. Ndugu wa Michelin walilitia kwenye gari la mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi mwaka 1895. Kampuni ya Schrader ya Marekani ikatoa vali ambayo hadi leo ndiyo iliyo kwenye kila gari, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatoa geji ndogo ya umbo la kalamu. Geji hiyo bado haijapitwa na wakati. Fundi wa pancha huchomoa ya kwake mfukoni, hubonyeza kwenye vali, husoma, kisha hupaka mate kidogo mdomoni mwa vali kuona kama povu litatokea. Povu likitokea, upepo unavuja.

Walioanza kuuchukulia upepo kuwa kitu cha kubadilishwa njiani walikuwa watu wa jangwani. Katika miaka ya 1920 na 1930, afisa wa Kiingereza Ralph Bagnold na wenzake walivuka jangwa la Libya kwa magari ya Ford. Walijifunza kupunguza upepo ili tairi litandazike na kukanyaga eneo kubwa zaidi la mchanga. Ujuzi huo aliuingiza vitani mwaka 1940 alipounda kikosi cha doria za mbali cha jangwani. Miaka michache baadaye Wamarekani walitengeneza lori la nchi kavu na majini lililoitwa DUKW, ambalo dereva wake aliweza kupunguza au kuongeza upepo bila kutoka kwenye kiti chake. Akitoka baharini alilegeza matairi apite ufukweni, akifika barabarani aliyakaza tena. Nalitaja kwa makusudi. Gari la kwanza kumpa dereva mamlaka juu ya upepo akiwa anaendesha lilijengwa kwa ajili ya mchanga, na lilikubali kwamba tairi moja linahitaji zaidi ya kiwango kimoja. Wazo hilo lilibaki jeshini.

Kwenye magari ya watu binafsi, kupima upepo kwa umeme kulianza na Porsche 959 mwaka 1986. Lilikuwa gari la matajiri wachache, na kwa miaka zaidi ya kumi teknolojia hiyo ilibaki kwa watu wa namna hiyo. Renault Laguna ya kizazi cha pili ilipoanza kuuzwa, mwaka 2000 ukielekea 2001, ndipo vihisi vya upepo vilipofika kwenye gari la familia ya kawaida.

Hata hivyo kilichovifanya kuwa sheria kilikuwa vifo. Mwaka 1999 kampuni ya Ford ilianza kuwabadilishia wateja wa Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba matairi ya Firestone yaliyokuwa kwenye magari ya Explorer, kwa sababu utando wa juu wa tairi ulikuwa ukibanduka gari likiwa kwenye mwendo. Moja ya sababu zilizotolewa wakati huo ni mazoea ya madereva kupunguza upepo ili wapite mchangani, kisha kurudi kwenye barabara kuu bila kuujaza. Mtu wa Kipsing anaielewa sentensi hiyo bila kufafanuliwa. Lakini Marekani, ambako watu hawapiti laga, matairi yale yale yalikuwa yakibanduka pia. Februari 2000 kituo cha televisheni cha KHOU cha Houston kilitangaza habari hizo, na tarehe 9 Agosti mwaka huo matairi milioni 6.5 yakarudishwa. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani hatimaye iliyahusisha na vifo 271.

Kasoro ya tairi lenyewe ilikuwapo, na mabishano kati ya Ford na Firestone yalikuwa makali. Ford ilikuwa imependekeza pauni 26 kwa inchi ya mraba, Firestone ikasema ingefaa 30. Tofauti ya pauni 4 inaonekana ndogo mpaka uelewe kinachotokea ndani. Tairi lililolegea hukunjika ubavuni kila linapozunguka, na kukunjika huko huzaa joto. Joto hulegeza gundi inayoshika tabaka za mpira na nyaya za chuma. Ongeza mzigo, ongeza jua, ongeza mwendo wa saa moja bila kupumzika, na utando unaachana na tairi ghafla. Anayeona vipande vya mpira vimetapakaa kando ya barabara kuu zetu anaona mwisho wa mlolongo huo.

Tarehe 1 Novemba 2000 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoagiza kila gari jipya dogo liwe na mfumo wa kumwonya dereva. Yakafuata mabishano ya gharama. Njia ya bei nafuu inatumia vihisi vya breki za ABS: tairi lililolegea lina kimo kidogo, kwa hiyo huzunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta inaona tofauti. Njia ya pili huweka kihisi chenye betri na redio ndogo ndani ya kila rimu. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ilikataa kanuni iliyoruhusu mfumo unaotambua tairi moja tu lililolegea, kwa kuwa matairi mawili au manne yanaweza kulegea pamoja. Kanuni mpya ilitaka taa iwake upepo ukipungua kwa asilimia 25, na kufikia Septemba 2007 magari yote mapya madogo ya Marekani yalikuwa nayo. Ulaya ilifuata kwa kiwango kikali zaidi cha asilimia 20, na kuanzia Novemba 2014 kila gari jipya la abiria huko lina mfumo huo.

Sasa magari hayo yako Mombasa. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo mengi hufika yakiwa na umri wa miaka sita au saba. Japani haikuwahi kuulazimisha mfumo huu, ndiyo maana magari mengi yanayotoka huko hayana. Yale ya Uingereza yanao. Betri ya kihisi cha ndani ya rimu imefungwa humo humo na huishi kati ya miaka 5 na 10. Gari linashuka melini betri zikikaribia kufa, na baada ya muda mfupi taa ya manjano yenye alama ya tairi na mshangao inawaka isizime. Nimeona dashibodi ambazo taa hiyo imezibwa kwa kipande cha utepe mweusi. Siwalaumu wenye magari, hakuna aliyewaeleza kwamba taa inayomweta kwa dakika moja hivi kisha ikatulia inasema mfumo umeharibika, ilhali inayowaka moja kwa moja inasema upepo umepungua. Utepe unaficha ujumbe wote wawili.

Ndipo biashara ya vifaa vya kuongeza iliponoga. Kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, na mtandaoni, zinauzwa seti za kofia nne za vali zenye vihisi na kioo kidogo cha kuweka kwenye dashibodi, mara nyingi kinachojichaji kwa jua. Unafungua kofia ya kawaida, unafunga hii, unasoma. Betri ikiisha unaibadilisha mwenyewe. Kwa gari la zamani nadhani ni ununuzi wa maana, hasa kwa mwiba wa mgunga, unaovujisha upepo pole pole kwa nusu siku kabla dereva hajahisi usukani ukivuta upande. Udhaifu wake ni kwamba kihisi kiko nje, penye mawe na mikono ya watu, na uzito wake huchosha shina la vali la mpira. Anayesafiri barabara mbovu afadhali abadilishe mashina yawe ya chuma.

Mfumo unaotegemea vihisi vya ABS, kwa upande wake, hauaminiki kwenye laga. Magurudumu yanateleza, kila moja linazunguka kivyake, na kompyuta haina tena kipimo cha kulinganisha.

Hata namba sahihi inahitaji kusomwa kwa akili. Upepo hupanda kwa karibu pauni 1.5 kwa kila nyuzi 10 za joto, na safari yenyewe hupasha tairi moto. Ukishuka kutoka Timau, penye baridi na mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, hadi Isiolo iliyo kama mita 1,100, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi na geji inashuka kwa zaidi kidogo ya pauni 1, huku joto likiipandisha. Namba ya mchana, tairi likiwa moto, haifai kutumiwa kurekebisha upepo. Dereva anayepunguza upepo Isiolo saa nane kwa kuwa kioo kinaonyesha umezidi, kesho asubuhi atakuwa na matairi yaliyolegea. Kiwango kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango ni cha tairi baridi, kabla ya safari.

Malori yalisubiri sana. Ulaya imeulazimisha mfumo huu kwa malori, mabasi na matrela yote mapya tangu Julai 2024 tu, karibu miaka 10 baada ya magari madogo, ingawa lori lina matairi mengi zaidi, na huku kwetu watu wengi hupanda juu ya mzigo wake.

Vifaa vya kuongeza vina faida moja ambayo mfumo wa kiwandani kwa kawaida hauna: mwenyewe unachagua kiwango cha king'ora. Land Cruiser nyepesi iliyoshushwa hadi pauni 18 au 20 kabla ya laga italia mfululizo ikiwa king'ora kimewekwa 28, na dereva ataishia kukizima. Ashushe king'ora hadi 15 akiingia mchangani, apite polepole, na akifika changarawe atoe kompresa ndogo ya umeme wa betri ya gari, ajaze, arudishe king'ora juu. Kujaza huko kusingoje Nanyuki, baada ya kupanda mlima kwa kilomita 100 kwa saa. Tairi la pauni 18 huenda lisitoe dalili ya wazi usukanini kwenye lami nyororo, na joto lililowaua watu Saudi Arabia huanza kujijenga dakika chache baada ya Isiolo.