Wembe Kabla ya Dawa: Amasunzu na Historia ya Nywele za Kipilipili Nchini Rwanda

Anayetaka kuijua historia ya nywele nchini Rwanda anaweza kuanza na maneno kabla ya kutafuta picha. Kinyarwanda husema kogosha kwa maana ya kunyoa, gusokoza kwa maana ya kuchana, na gusuka kwa maana ileile ya kusuka. Chombo cha kunyolea ni urwembe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kwa wembe wala kwa kusuka, kwa sababu lugha hizi mbili ni ndugu na maneno haya wamerithi wote. Lakini anayenyoa watu kwa malipo anaitwa kimyozi, na hapo tumeingia zama nyingine: ni kinyozi wa Kiswahili, aliyepanda hadi kwetu pamoja na misafara, askari na wafanyabiashara, akabadilishwa sauti moja tu. Halafu kuna neno gudefiriza, yaani kutia nywele dawa ili zinyooke. Hilo limetoka katika Kifaransa. Na siku hizi msichana aliyeacha dawa anasema nywele zake ni “naturel”, Kifaransa tena, kana kwamba hali ya kuzaliwa nayo ni mtindo ulioletwa kwa ndege.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika insha hii. Katika mijadala yetu ya chuoni husikika mara kwa mara kwamba kupenda nywele za kipilipili ni jambo la Wamarekani weusi, kwamba lilianza na afro za miaka ya 1960 na kutufikia kupitia video. Ni kweli kwamba Marekani ina historia yake nzito katika suala hili. Ila nchi iliyokuwa na amasunzu haikuhitaji kufundishwa na mtu yeyote kwamba nywele za kipilipili ni nzuri. Hoja yangu ni kwamba tulichopoteza ni ufundi. Upendo wa nywele hizo, peke yake, haurudishi ufundi huo.

Amasunzu ni nini? Ni mtindo wa nywele uliovaliwa na wanaume na wasichana ambao hawajaolewa. Nywele ziliachwa zikue, kisha sehemu fulani za kichwa zikanyolewa kabisa kwa wembe, na zile zilizobaki zikachongwa ziwe matuta yaliyosimama, mara nyingi kwa umbo la mwezi mwandamo. Tuta moja huitwa isunzu. Neno hilohilo tunalitumia kwa kilele cha mlima, na safu ya milima inayogawa maji ya mto Kongo na ya mto Nile inaitwa isunzu katika jiografia ya Kinyarwanda. Kwa hiyo Mnyarwanda aliyebeba amasunzu alibeba mandhari ya nchi yake kichwani. Wanaozungumzia mtindo huu hutaja sura zaidi ya 30, zikitofautiana kwa idadi ya matuta, mwelekeo wake na mahali wembe ulipopita.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye unywele wenyewe, maana historia nyingi za mitindo huupita haraka. Unywele wa kipilipili huota kutoka kwenye kishimo kilichopinda, na ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana bapa badala ya mviringo kamili. Kwa sababu hiyo hujizungusha kama chemchemi ya saa, na kila mzunguko hujishika na jirani yake. Nywele elfu kadhaa zikishikana hivyo, zinakuwa kitu kimoja chenye nguvu ya kusimama bila gundi wala waya. Jaribu kuchonga isunzu kwenye nywele za singa: zitalala tu. Mkunjo ambao baadaye tuliambiwa ni kasoro ndio uliokuwa malighafi ya fundi wa amasunzu. Hakuongeza kitu. Alipunguza tu, kama mchonga kinyago anavyopunguza mti.

Mkunjo huohuo una gharama zake. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushuka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye ule uliojizungusha hayafiki mbali, hivyo ncha hubaki kavu. Kila pindo ni mahali ambapo unywele unaweza kukatika, hasa ukichanwa ukiwa mkavu. Ndiyo maana nywele hizi huhitaji maji kwanza, mafuta baadaye, na mkono usio na haraka. Wahenga wetu walijipaka siagi ya maziwa ya ng'ombe mwilini, na hawakuhitaji hadubini kujua kwamba kitu kikavu hupakwa mafuta.

Nisieleweke vibaya: sitaki kuwafanya wazee wa zamani kuwa wanaharakati. Mara nyingi tunaposifu utamaduni tunausafisha mpaka unakosa watu ndani yake. Amasunzu hayakuwa uhuru wa mtu kujipamba apendavyo. Yalikuwa ishara iliyosomwa na jamii. Kwa msichana yalisema kwamba amefikia umri wa kuolewa na bado hajaolewa. Kwa mwanamume yalihusishwa na ushujaa na heshima, na mtu mzima aliyeyakosa alitazamwa kwa mashaka. Msichana akiolewa aliacha amasunzu, nywele zikaachwa zikue, na alipokuwa mama alivaa urugori, ule ukanda mwembamba wa ganda la bua la mtama unaozunguka kichwa. Hata leo urugori ni alama ya mama katika sherehe zetu. Kwa maneno mengine, kichwa cha mwanamke kilitangaza hali yake kwa kila mpita njia, apende asipende. Dada zangu wa leo wanaosema “nywele zangu, uamuzi wangu” wanasema jambo ambalo bibi wa bibi zao asingelielewa kirahisi. Jambo hilo ni jipya, na kwa maoni yangu ni jema kuwa jipya.

Tunajuaje sura ya amasunzu ya zamani? Kwa sehemu kubwa kupitia kamera za wageni. Rwanda ilikuwa chini ya Wajerumani, kisha chini ya Wabelgiji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1907 na 1908 ulipita msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, akiwemo mwanaanthropolojia Jan Czekanowski aliyepima miili ya watu kwa maelfu. Elimu ya wakati ule ilitaka kuwapanga binadamu kwa urefu, kwa pua na kwa fuvu, na tunajua vizuri mno mahali ambapo mpango huo ulitufikisha. Nywele za kipilipili ziliota vichwani mwa wote, kwa hiyo kwa kazi ya kugawa watu hazikuwa na faida. Picha zikabaki. Waliopigwa picha wengi hawana majina, ila matuta ya vichwa vyao yanaonekana wazi kiasi kwamba kinyozi wa leo anaweza kuyaiga akiyatazama kwenye simu.

Kupungua kwa amasunzu kulikwenda pamoja na kanisa, shule na ajira. Mapadri Weupe walifika Save, kusini mwa nchi, mwaka 1900. Mfalme Musinga, aliyekataa kubatizwa, aliondolewa na Wabelgiji mwaka 1931, na mwanawe Rudahigwa akabatizwa mwaka 1943. Kati ya miaka hiyo watu waliingia kanisani kwa wingi sana. Katika mji wa Astrida, ambao sasa ni Huye, shule ya kuwaandaa watoto wa machifu na makarani ilijengwa na Mabruda. Karani alihitaji shati, kaptula na kichwa ambacho hakikumkumbusha mtu yeyote baraza la mfalme. Zaidi ya hayo, amasunzu yanataka muda: lazima yachongwe upya mara kwa mara, na lazima awepo wa kukuchonga. Mtu anayeamka kwa kengele na kulipwa kwa mwezi hana asubuhi za namna hiyo.

Mijini alikuwepo kimyozi. Nyamirambo, mtaa wa Kigali unaojulikana kwa Waislamu wake na kwa Kiswahili chake, hadi leo una vinyozi na wasusi mlango kwa mlango. Sina sababu ya kumlaumu mtu huyo. Alitoa huduma ya haraka kwa watu wenye haraka. Lakini tazama kilichotokea kwenye lugha: kogosha, kazi iliyofanywa na ndugu au jirani, ikapata mtaalamu mwenye kiti, kioo na bei, na jina lake likatoka nje.

Kisha ikaja dawa. Huko Marekani, George E. Johnson alianzisha kampuni yake mjini Chicago mwaka 1954 kwa bidhaa ya kunyoosha nywele za wanaume, na baada ya hapo dawa za aina hiyo zikawa biashara kubwa iliyofika hadi Afrika. Kazi yake ni ya kikemia. Zile kali zaidi zina sodiamu haidroksaidi, kemikali inayotumika pia kuzibulia mabomba. Huvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na viungo hivyo havirudi. Sehemu iliyotiwa dawa imenyooka mpaka ikatwe, huku mzizi ukiendelea kutoa kipilipili kilekile, hivyo baada ya wiki chache mtu anarudi saluni. Waliowahi kuungua kichwani hawahitaji maelezo yangu. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 walieleza kwamba waliotumia bidhaa za kunyoosha mara kwa mara walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili ya wasiozitumia. Uhusiano si sawa na uthibitisho wa chanzo, na watafiti wenyewe walikuwa waangalifu, lakini habari hiyo ilisomwa sana mabwenini.

Kwa nini basi wanafunzi wengi wa kike hukimbilia dawa mara tu wanapomaliza sekondari? Jibu la kawaida ni kwamba wanajichukia, au wameigwa akili na wazungu. Nadhani jibu hilo ni jepesi na halina heshima. Katika shule zetu nyingi, wavulana kwa wasichana hunyolewa karibu na ngozi tangu chekechea hadi mtihani wa mwisho. Sheria hiyo ina utetezi wake: mtoto wa mkulima na mtoto wa waziri wanafanana kichwani, mzazi haombwi pesa za msusi, na asubuhi darasa linaanza mapema. Wapo wanaoiita sheria ya kikoloni. Mimi siwezi kukubali moja kwa moja, kwa sababu wembe si mgeni Rwanda, na historia niliyoieleza imejaa kunyoa. Tofauti iko mahali pengine. Wembe wa amasunzu ulimtambulisha mtu. Wembe wa shule unataka watu mia sita wasitofautiane. Na tokeo lake, ambalo nadhani hakuna mwalimu aliyelikusudia, ni kwamba msichana wa miaka 19 anafika chuo kikuu akiwa hajawahi kuzifahamu nywele zake. Hajui zinapenda maji kiasi gani, hajui zikatwe wapi wala zichanwe lini. Mama yake naye alipita shule hiyohiyo. Akiingia saluni anaambiwa nywele zake ni ngumu. Katika hali hiyo dawa inakuwa kitu pekee kilichokuja na maelekezo ya matumizi yaliyoandikwa kwenye kopo.

Hata sifa tunazozitoa zimepinda. Mtu akiwa na nywele laini kwa asili tunasema ana irende, na tunasema kwa sauti ya kumsifu, kama Kiswahili kinavyosema nywele za singa. Kwa upande wa pili Kiswahili kina kipilipili, neno ambalo wengine hulisikia kama tusi. Mimi nimelitumia humu bila kuomba radhi, kwa sababu linaeleza vizuri jinsi nywele zinavyojikusanya kwa punje, na kwa sababu punje hizo zikiachwa mikononi mwa fundi zinakuwa isunzu.

Machi 2018, Lupita Nyong'o, Mkenya, alihudhuria tuzo za Oscar akiwa na nywele zilizopandishwa kwa kufuata amasunzu, na msusi wake Vernon François akaonyesha hadharani picha za zamani za Rwanda alizozitumia kama mfano. Hapa kwetu watu walifurahi, na vijana kadhaa wakaanza kuomba mtindo huo kwa ajili ya harusi na picha. Wengine walilalamika kwamba mpaka Hollywood itukumbushe. Lalamiko hilo lina haki, ila linasahau kwamba mtindo ulirudi kama picha, na picha haisemi majina. Kila moja kati ya zile sura zaidi ya 30 ilikuwa na namna yake ya kuchongwa na mtu aliyejua kuichonga. Ukienda leo Nyamirambo na kuomba amasunzu, kimyozi atakuuliza, “Kama ya nani?” na atanyoosha mkono kuomba simu yako. Wazee wanaoweza kujibu kwa jina la mtindo bado wapo vijijini. Kuwauliza hakuhitaji maabara wala ruzuku, kunahitaji daftari na nauli ya basi, na sisi wanafunzi wa lugha ndio wenye zana za kazi hiyo.