Kabla hatujamfundisha binti kujipapasa: New York, Shanghai na somo wetu

Kila ikifika Oktoba na ule utepe wa pinki, linarudi suala lile lile: watoto wa kike wafundishwe skuli kujichunguza matiti au wasifundishwe? Wengine wanasema ni elimu, wengine wanasema ni kuwavua haya. Leo nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu jambo hili lina historia yake na wengi tunabishana bila kuijua.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Al-Zahrawi, tabibu Muislamu wa Andalusia, aliyaandika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hakuwa mtu wa kubahatisha, vyombo vyake vya upasuaji vilinakiliwa Ulaya kwa karne nyingi. Lakini alikiri waziwazi kwamba saratani ya ziwa ikishakuwa kubwa hajapata kumponya mtu, wala hajamuona aliyeweza. Mwaka 1811 mwandishi wa Uingereza, Fanny Burney, alikatwa ziwa mjini Paris bila dawa ya usingizi. Aliishi mpaka 1840. Barua aliyomuandikia dada yake kuhusu siku ile ipo mpaka leo, na anayetaka kuisoma ajikaze.

Kujipapasa kwa utaratibu, hatua kwa hatua, ni jambo la juzi tu. Huko New York alikuwepo daktari wa upasuaji, Cushman Haagensen, aliyechoka kuletewa wanawake wenye uvimbe mkubwa. Akaona mkono wa mwanamke mwenyewe ndio ulio karibu zaidi na mwili wake. Mwaka 1950 ikatolewa filamu Marekani ya kufundisha, ikaoneshwa kwenye vikundi vya kina mama. Baadaye zikaja kadi za kuning'iniza bafuni: mara moja kwa mwezi, hedhi ikishamalizika, kwa vidole vitatu vya kati, zunguka mpaka kwapani. Somo hilo ndilo lililosafiri dunia nzima. Lilisafiri kabla halijapimwa.

Lilipokuja kupimwa, walipimiwa mafundi wenzetu. Mwaka 1989 watafiti walianza kazi katika viwanda vya nguo vya Shanghai, China, kwa wanawake wapatao 266,000, nusu wakafundishwa na nusu wasifundishwe. Na mafunzo hayakuwa ya karatasi ya kugawa mlangoni. Walipewa mfano wa ziwa la bandia wajifunze kulitambua donge, wakarudiwa, wakasimamiwa, wakakumbushwa kwa miaka. Mimi niliyekaa nyuma ya cherahani tangu kozi naweza kukwambia vidole vya wanawake wale vilikuwa na hisia, kwani uzi uliokatika tunaujua kabla ya kuuona.

Majibu yalitoka mwaka 2002. Waliofundishwa walifariki 135 kwa saratani ya matiti, wasiofundishwa 131. Yaani hakuna tofauti. Ila waliofundishwa waligundua vivimbe visivyo saratani 2,761 na wenzao 1,505, na vivimbe hivyo vilileta hofu, sindano na visu visivyo na lazima. Baada ya hapo madaktari wengi wakaacha kusisitiza zoezi la kila mwezi, wakasema mwanamke aujue mwili wake wa kawaida, akiona mabadiliko aende.

Sasa tuwatazame mabinti zetu. Wanawake wa Shanghai walikuwa watu wazima, wa miaka 31 na kuendelea. Msichana wa miaka 14 au 15 kupata saratani ya matiti ni nadra mno. Akikuta donge gumu linaloteleza chini ya kidole, mara nyingi ni uvimbe usio na hatari, na mengine huja na hedhi yakaondoka nayo. Ukimpa kadi ya kujitafuta saratani kila mwezi bila kumwambia hayo, umempa usiku wa kulia chini ya mto.

Kwa hiyo nasema tusiwafundishe? La, wafundishwe. Pwani yetu haikuona haya kumfundisha mwari. Akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo, akaelezwa usafi na mwili wake kwa lugha ya wanawake, ndani, milango imefungwa. Bi Kidude aliyefariki 2013 alilipiga ngoma jambo hilo maisha yake yote. Somo wamepungua, na nafasi yao imejazwa na simu. Mwalimu wa kike, darasa la wasichana peke yao, nusu saa: hapo haya haijaguswa.

Ila afundishwe la kufaa. Kwamba ziwa moja kuzidi jingine ni kawaida. (Nikipima nguo za mabibi harusi naona tofauti hizo kila wiki, na wengi wanadhani ni wao peke yao.) Kwamba donge lisiloondoka baada ya hedhi, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu ni ya kusemwa siku hiyo hiyo, kwa mama, khalati au mwalimu. Na zaidi ya yote ajue kuitamka habari hiyo, kwa sababu siku moja mama yake mwenye miaka 45 atakuwa na donge analolificha chini ya kanga, na binti ndiye atakayemwambia wavae mabuibui waende Mnazi Mmoja asubuhi.