Zawadi ya Sultani na Ndege Zetu Zilizokwenda

Juma hili nataka tuzungumzie ndege moja kongwe iliyoegeshwa Brooklands, karibu na mji wa Weybridge, kusini-magharibi ya London. Ni ndege aina ya VC10. Jumba la makumbusho linaloitunza lilipewa zawadi mwaka 1987, na mtoaji alikuwa Sultani Qaboos bin Said wa Oman.

VC10 ina uhusiano na sisi tangu kubuniwa kwake. Shirika la BOAC la Uingereza lilitaka ndege ya jeti iwezayo kuruka kutoka viwanja vya Afrika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka ndege nzito hupata taabu kunyanyuka. Wahandisi wa Vickers waliweka injini zote nne mkiani, mabawa yakabaki huru kufanya kazi ya kuibeba ndege. Ikaruka mara ya kwanza tarehe 29 Juni 1962, kutoka Brooklands hapo hapo. Lakini Boeing 707 ya Wamarekani ilikuwa imekwisha kuteka soko, na nchi nyingi zikarefusha viwanja vyao. Zikaundwa VC10 54 tu.

Hii ya Sultani ilibeba abiria wa British United Airways kuanzia 1964, kisha wa British Caledonian, na mwaka 1974 ikaenda Muscat. Alipomaliza haja nayo angeweza kuiuza kama chuma chakavu. Badala yake ilirushwa ikatua Brooklands, kwenye njia fupi iliyohitaji rubani makini, kando ya kiwanda kilichoiunda. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kutangaziwa kufungwa. Kwa maoni yangu zawadi hiyo ilizidi fedha: mafundi waliokuwa wakipoteza kazi walirudishiwa kitu cha mikono yao. Mgeni huingia hadi ndani akaona sebule ya kifalme. Naam, zawadi ya mkubwa huja na mapambo ya mkubwa. Habari za abiria wa kawaida wa miaka ile hazionekani sana pale.

Sasa tuje kwetu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza safari mwaka 1946, makao yake Nairobi. Kuanzia 1966 lilipokea Super VC10, zikafika tano. Moja iliteketea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikijaribu kuruka, wakafa watu 43. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, pamoja na Jumuiya yenyewe, nne zilizosalia zilirudi Uingereza. Huko jeshi la anga likazigeuza matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta zikiwa angani. Ndege zilizokuwa zikipeleka wanafunzi wetu na mawaziri wetu London!

Mojawapo ya hizo nne ilikuwa na namba 5H-MOG, na 5H ni alama ya Tanzania. Hiyo ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa kati ya zote 54. Ililitumikia jeshi kwa namba ZA150 hadi Septemba 2013, ikarushwa kwenda Dunsfold, katika jimbo la Surrey, kuhifadhiwa na jumba lile lile la Brooklands. Kwa hiyo walioitunza zawadi ya Oman ndio waliotutunzia na yetu.

Sisemi tukaidai. Ndege kama hiyo huliwa na kutu, huhitaji banda na mafundi, na wanaoimudu ni wachache. Ninalouliza ni hili: matajiri wetu wanaojenga mahoteli na kumiliki ndege zao wenyewe, hawawezi kugharimia hata chumba kimoja? Sare za wahudumu, tiketi, madaftari ya marubani ya saa za kuruka, picha, vitabu vya mafundi: hayo hayahitaji kiwanja. Yanahitaji kabati kavu na mtu wa kuandika maelezo. Na muda ni mfupi. Fundi aliyekuwa na miaka 25 pale Embakasi mwaka 1977 amekwisha kuvuka 70, na akiondoka, wajukuu watakaofungua sanduku lake hawatajua kile kitabu chenye madoa ya mafuta kilikuwa cha nini.