Vitonge vya nyama kwa mchuzi wa Kithai: Tui sharti likatike kwanza

MPISHI wa pwani hufunzwa mapema kwamba tui likikatika, mchuzi umeharibika. Ndiyo sababu hukaa kando ya jiko akikoroga bila kupumzika hadi tui lichemke na kutulia. Mpishi wa Thailand huanzia pale pale mwenzake anapopaogopa. Hulitia tui zito peke yake katika sufuria, hulichemsha hadi likatike na mafuta yajitenge, kisha ndani ya mafuta hayo hukaanga viungo vyake.

Tofauti hiyo moja ndiyo huwashinda wengi wanaojaribu chakula hiki nyumbani. Mtu hununua nusu kilo ya nyama ya kusaga na chupa mbili tatu za bei ghali, kisha jioni huwaandalia jamaa zake supu nyepesi yenye harufu ya viungo vibichi, na nyama iliyomeguka chini ya sufuria. Kwa bei ya nyama, hiyo ni hasara isiyo ndogo, nayo huepukika.

Kwanza tuliweke sawa jina. Wathai huviita vitonge vya nyama au samaki 'luk chin', na vyakula vya mchuzi wa aina hii huviita 'kaeng'. Neno 'kari', ambalo Waingereza walilichukua katika lugha za kusini mwa India na kulitandaza juu ya kila mchuzi wenye viungo, huko Thailand hutumika kwa mchuzi mmoja tu wa manjano, 'kaeng kari'. Kwa hivyo anayetia bizari ya kopo ndani ya tui na kusema amepika mchuzi wa Kithai hajakosea kabisa, ila amegusa pembe moja tu ya meza.

Meza yenyewe ni pana. Mchuzi mwekundu hutumia pilipili zilizokaushwa na ule wa kijani hutumia pilipili mbichi. Uitwao 'massaman', ambao jina lake huhusishwa na Waislamu, una iliki, mdalasini, karafuu na kungumanga, yaani viungo vile vile ambavyo mpishi wa pilau wa Mombasa anavyo kabatini. Halafu kuna 'phanaeng', mchuzi mzito kuliko mwekundu, mtamu kiasi, ambao wapishi wengi huutia njugu karanga zilizosagwa.

Mchuzi wa kijani wenye vitonge vya samaki ni chakula cha Kithai na hupikwa sana. Kwa vitonge vya nyama ya ng'ombe, hata hivyo, tunapendekeza phanaeng. Uzito wake huganda juu ya kitonge, ilhali mchuzi mwepesi huteleza na kubaki sahanini.

Pilipili yenyewe, ambayo leo mtu hawezi kuifikiria Thailand bila hiyo, ilikuwa mgeni. Asili yake ni bara la Amerika. Wareno, ambao walikuwa wamefika Mombasa na Malindi mnamo 1498, waliiteka Malacca mwaka wa 1511 na mwaka huo huo wakatuma mjumbe katika ufalme wa Ayutthaya, nchi iliyojulikana kama Siam hadi 1939. Pilipili ilifuata njia za biashara hiyo. Kabla yake, ukali wa vyakula vya huko ulitokana na pilipili manga na tangawizi.

Viungo na vibadala vyake

Kwa walaji sita, tafuta pilipili nyekundu ndefu zilizokaushwa, nane hivi. Zipasue, ondoa mbegu, kisha ziloweke katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 20. Kaanga bila mafuta kijiko kimoja cha chai cha mbegu za giligilani na nusu kijiko cha jira hadi zinukie. Andaa pia punje kumi za pilipili manga, punje sita za kitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu vinne, na mashina mawili ya mchaichai.

Kuhusu mchaichai, wengi wetu tumezoea kutia majani yake katika chai. Hapa majani hayafai, kwa kuwa yana nyuzi ngumu zisizopondeka. Kinachotakiwa ni sehemu ya chini, nyeupe, laini, yenye urefu wa kidole. Majani yaliyobaki yarudishe kwenye birika.

Galangali, mzizi unaofanana na tangawizi lakini wenye harufu kali zaidi, haupatikani kila soko. Vipande vitatu vyembamba vya tangawizi vitashika nafasi yake, japo si kikamilifu. Majani ya ndimu ya makrut nayo yanaweza kupokewa na ganda la ndimu ya kawaida lililoparuzwa, pamoja na majani machanga mawili ya mndimu ukiwa nao uani. Paruza rangi ya kijani pekee, kwani weupe ulio chini yake ni mchungu.

Wathai hutia pia 'kapi', yaani kamba wadogo waliochachushwa kwa chumvi na kupondwa. Asiyekuwa nayo achukue kijiko kimoja cha mezani cha uduvi waliokaushwa, awakaange kidogo bila mafuta na kuwatwanga. Harufu itakayojaa jikoni isikutie hofu, maana ikishaingia katika tui hubadilika kabisa. Badala ya sukari ya mitende ya Kithai, sukari guru inatosha, tena ladha yake haiko mbali.

Sosi ya samaki ndiyo pekee tunayoshauri inunuliwe. Hutengenezwa kwa samaki wadogo waliolazwa katika chumvi kwa miezi mingi, na chupa moja hudumu muda mrefu. Soma kibandiko: iliyo nzuri ina samaki, chumvi, na pengine sukari kidogo, basi.

Twanga kwa kinu, ukianza na vikavu na vigumu na kumalizia na vyenye maji: mbegu na pilipili manga, kisha pilipili na nusu kijiko cha chai cha chumvi, mchaichai, tangawizi na ganda la ndimu, halafu vitunguu, na mwisho uduvi. Ukianza na vitunguu, mchi utateleza na mchaichai hautasagika. Kazi hii huchukua takribani dakika 20. Mashine ya kusagia inaruhusiwa, lakini itataka kimiminiko ili izunguke, nacho kiwe vijiko viwili vya tui. Maji yatafanya viungo vichemke badala ya kukaangika. Mwishoni changanya vijiko viwili vya mezani vya njugu karanga zilizokaangwa na kusagwa.

Hapa pana jambo la kutahadhari. Chakula hiki kina njugu na uduvi, vitu viwili ambavyo kwa mtu aliye na mzio vinaweza kuua, na vyote viwili hufichika ndani ya mchuzi. Mwulize mgeni kabla ya kupika. Njugu zinaweza kuachwa na mchuzi ukabaki mzuri. Kwa asiyekula kamba, ongeza chumvi badala ya uduvi.

Nyama isimeguke

Kitonge cha Kithai si laini kama kababu ya pwani, ambayo hushikwa na yai na mkate. Chenyewe hunesa kidogo kikitafunwa, na unesaji huo hutoka katika nyama yenyewe. Chumvi huyeyusha protini za nyama, na kukanda huzifanya zishikane kama gundi. Hilo hutokea nyama ikiwa baridi. Ikipata joto, mafuta huyeyuka na kuzuia protini zisishikane, na hapo ndipo vitonge humeguka sufuriani.

Chukua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe iliyosagwa mara mbili, yenye mafuta kiasi, moja kwa moja kutoka kwenye jokofu. Tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi na uikande kwa nguvu, ukiiinua na kuibwaga ndani ya bakuli, huku ukiongeza vijiko vitatu vya mezani vya maji ya barafu kidogo kidogo. Baada ya dakika tano au sita itaanza kunata vidoleni na kuta za bakuli. Sasa ongeza kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa muhogo au wa mahindi, punje tatu za kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga nyeupe, na mizizi ya dania iliyooshwa vizuri na kutwangwa. Dania ya sokoni mara nyingi huuzwa na mizizi yake, nasi huikata na kuitupa, ilhali Wathai huithamini kuliko majani.

Ukitaka kujua kama chumvi imetosha, usionje mbichi. Kaanga kipande kidogo ndipo uonje. Katika kipande kizima cha nyama bakteria huwa juu, ambako moto huwafikia upesi. Nyama ikisagwa, husambaa hadi ndani, na ndiyo sababu kitonge chekundu katikati hakifai kuliwa hata kama mnofu wa namna hiyo huliwa mahotelini. Aliye na kipimajoto ahakikishe katikati pamefika nyuzi 71 za Selsiasi. Asiye nacho akate kimoja kati: pasiwepo wekundu, na maji yake yawe maangavu.

Lowesha mikono kwa maji baridi na ufinyange vitonge 24, kila kimoja chenye ukubwa wa ndimu ndogo. Vitie katika maji moto yasiyotokota, yale yanayotoa viputo vidogo chini ya sufuria. Vikielea, viache dakika tatu zaidi, kisha viopoe. Wapo wanaovikaanga kwa mafuta kwanza, nasi hatuwashauri hivyo, kwa sababu ganda gumu la kukaanga huzuia mchuzi usipenye. Maji uliyovitokosea yaweke kando.

Samaki pia anafaa. Nguru wa pwani yetu ni wa jamii ile ile ya samaki wanaopondwa kutengenezea vitonge Kusini-Mashariki mwa Asia. Paruza mnofu kwa kijiko, ondoa miba, ukande kwa chumvi kama nyama.

Sufuriani

Kuna nazi mbili za kukuna kwa mbuzi. Kamua machicha kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu upate tui zito, ambalo wengine huliita kasimile, kisha kwa vikombe viwili vingine upate tui jepesi. Tui zito likitulia nusu saa, mafuta hupanda juu, na huo utando ndio wa kuanza nao. Tui la mkebe nalo hufaa, ila aina nyingi hutiwa vidhibiti ili lisikatike, kwa hivyo hata ukilichemsha saa nzima halitatoa mafuta. Likikataa, ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia na uendelee.

Chemsha kikombe cha tui zito kwa moto wa wastani, ukikoroga mara moja moja. Kwa dakika nane hadi kumi litapungua, litakuwa na chembechembe, na sauti ya kuchemka itageuka kuwa ya kukaangika. Mafuta maangavu yakionekana pembeni, tia viungo ulivyotwanga. Kaanga dakika nne au tano huku ukikwangua chini ya sufuria. Dalili ya kuiva si rangi bali harufu. Ukali wa kitunguu kibichi utatoweka, na mafuta yatageuka mekundu. Ukiharakisha hapa, hakuna kitakachouokoa mchuzi baadaye.

Ongeza kijiko kimoja cha mezani cha sukari guru na viwili vya sosi ya samaki, kisha kikombe kimoja cha tui jepesi. Ukiuona mzito mno, punguza kwa maji yale ya kutokosea. Tia vitonge na uviache kwa moto mdogo dakika nane. Onja: chumvi itangulie, utamu ufuate, ukali uje mwisho. Epua, nyunyiza majani ya mrihani na ganda la ndimu lililokatwa kama nyuzi.

Wathai hukila kwa wali wa jasmini usiotiwa chumvi, kwa kuwa mchuzi una chumvi ya kutosha. Pishori ya Mwea, nayo yenye harufu yake, inakwenda vizuri.

Kilichobaki kipoze upesi na ukiweke katika jokofu kabla ya saa mbili kupita, kiliwe katika muda wa siku tatu. Siku ya pili mchuzi utakuwa umeganda juu. Upashe moto polepole pamoja na tui jepesi lililobaki, hadi uchemke.